Mugisho Anabaki Kwenye Hesabu

Kadutu, Bukavu. Siku ya Mungu, Jumapili, mwezi wa nne, 1957.

Mvua tangu misa ya kwanza. Ziwa halionekani kabisa, ukungu umelilalia kama blanketi la hospitali, na mabati ya Kadutu yote yanalia kwa sauti moja. Nimekaa dirishani, kitenge cha harusi mabegani, ninamngoja mume wangu arudi. Nina furaha na nina hasira, na sijui ipi imeamka kabla ya mwenzake.

Mume wangu. Bado ninaliandika neno hili polepole, kama mtoto wa mwaka wa kwanza anayejifunza kuandika jina lake.

Leo asubuhi mama mkwe hakuniletea mashanza. Kwetu Bashi bibi mupya hashiki jembe wala hafuati maji; anakaa ndani, anapakwa mafuta, na kila asubuhi mama mkwe anamletea kibuyu cha maziwa yaliyoganda ili anenepe na ang'ae. Kibuyu hicho kina maneno yake. Kikija kinasema: huyu ni wetu. Kisipokuja, majirani wote wanajua kuna jambo. Leo nilisikia majirani wakijua. Walipita mbele ya mlango wetu mara nyingi kuliko mvua inavyoruhusu.

Sababu ni hii. Jana nilimkabidhi Daktari wetu wa hospitali jibu la hesabu yangu, na jibu hilo linasema kwamba uji wa mume wangu haukushinda.

Sijutii.

Daftari langu, wewe umezoea kunisikia nikimsifu Deo ukurasa hadi ukurasa, basi leo nisikilize vizuri, kwa sababu nitamsifu tena, ila kwa njia ndefu.

Deo ni infirmier, muuguzi, katika wodi ya watoto wa bwaki. Bwaki ni ule ugonjwa unaomshika mtoto akishaachishwa ziwa: miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu na laini kama za mahindi mabichi, ngozi inabanduka, na mtoto anageuza uso ukutani hataki hata kuchezewa. Daktari anautibu kwa maziwa ya unga yanayokuja kwa meli kutoka Ulaya. Maziwa ni mazuri. Lakini meli ikichelewa, watoto wanarudi kwenye muhogo, na kwenye muhogo ndiko walikotoka.

Ndipo Deo wangu akaleta wazo lake. Soja, yaani soya, inaota hapa, maharagi yanaota hapa, mtama unaota hapa. Akakaanga, akasaga, akapika, akaonja, akamwaga, akaanza upya. Wakati ule tulikuwa wachumba tu na kila siku ya posho, yaani Jumamosi, nilionjeshwa uji mpya. Nimekula uji wa kuungua, uji wenye mchanga, uji mchungu kama dawa ya minyoo. Mwanamke aliyeolewa kwa njia hii hawezi kusema alidanganywa kwa pipi.

Daktari aliuonja ule wa mwisho, akakubali upimwe. Watoto wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja maziwa ya unga, kundi moja uji wa Deo, kundi moja chakula cha kawaida cha hospitali. Uvimbe ukishashuka, ndipo mizani inaanza kusema ukweli, na kuanzia hapo tulipima kilo walizoongeza. Daktari akamwambia Deo mbele yangu kwamba uji huu ukionekana kusaidia, jina lake litapelekwa Léopoldville, kwenye masomo ya msaidizi wa daktari. Mwaka huu huu.

Usiku wa harusi yetu ndugu zake walicheza wakimwita "Docteur Deo". Mama mkwe alilia machozi ya furaha hadi kilemba kikalowa.

Kazi yangu mimi ni namba. Masista walinifundisha kugawanya kwa mkato na bila kufuta, na Daktari alipotafuta mtu wa kuhesabu, walinipeleka. Nina mashine ya chuma, nzito kama mbuzi, yenye vifungo vya namba na mkono wa kuzungusha. Inafanya krrr, krrr, kisha ting. Kwa kweli inataka watu wawili, mmoja kusoma namba na mmoja kuzungusha. Ndivyo nilivyompata mume. Deo alikuja siku moja kuleta karatasi za wodi, akaniona ninavyosoma na kuzungusha peke yangu huku jasho linanitoka, akasema: "Mademoiselle, lete mi nizungushe." Akazungusha mwaka mzima. Sijawahi kuona mikono mizuri kama ile kwenye chuma kibaya kama kile.

Nilirudi kwenye mashine siku chache tu baada ya harusi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza kwa mtaa mzima. Bibi mupya barabarani, na viatu, na mwavuli! Mama mmoja jirani aliita toka kwenye kibaraza chake: "Eeh, madame, bwana amekosa chakula ya kukupa?" Nikamjibu kwamba bwana ananipa chakula hadi ninakosa pa kukiweka, ndiyo maana ninatembea. Walicheka. Wakati ule bado walikuwa wananicheka kwa upendo.

Kisha ikaja siku ya kwanza ya juma hili lililopita, Jumatatu ya hesabu.

Wastani ulikuwa umeshapatikana. Maziwa juu, uji wa Deo nyuma yake kidogo tu, chakula cha kawaida chini kabisa. Deo aliuona kwenye karatasi akanibeba mbele ya mashine, akanizungusha mimi badala yake. Wodi nzima ilishajua kabla ya chakula cha mchana. Mpishi alipiga sufuria kama ngoma.

Mimi nilicheka, nikamwambia aniteremshe, kwa sababu kazi ilikuwa bado.

Daktari anaiita analyse ya variance. Alinifundisha mwaka jana kutoka kwenye kitabu chake, naye ni mwalimu mzuri, sharti niseme. Wastani peke yake unasema nusu ya habari. Nilipomweleza Deo, nilitumia viazi vitamu vya soko la Kadutu. Kuna mamas watatu wanauza kwa mafungu, nawe unataka kujua nani ana mkono mkarimu. Pima mafungu yao, tafuta wastani wa kila mmoja: lazima mmoja atakuwa juu na mwingine chini, hata kama ukarimu wao ni mmoja, maana hakuna mkono unaopanga viazi sawasawa. Kwa hiyo unaangalia jambo la pili. Mafungu ya mama mmoja yanatofautiana kiasi gani yenyewe kwa yenyewe? Kama mafungu yake yote yanafanana, na ya mwenzake yote yanafanana, na bado huyu amemzidi yule, basi mkarimu ameonekana. Lakini kama meza ya kila mmoja ina fungu kubwa hapa na fungu dogo pale, ile tofauti ya mama na mama haina nguvu. Huenda uliangukia tu kwenye mafungu mazuri.

Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Unachukua tofauti iliyo kati ya makundi, unaigawanya kwa tofauti iliyo ndani ya makundi. Jibu linaitwa F. F ikiizidi namba iliyo kwenye jedwali nyuma ya kitabu, unaweza kusimama na kusema: makundi haya hayafanani. Isipoizidi, unafunga mdomo.

Deo alisikiliza yote hayo siku ile akiwa amenishika kidole gumba, kisha akasema: "Sasa njo maana unakawiyaka ku soko!"

Aliuliza pia kwa nini nisilinganishe makundi mawili mawili, uji na chakula cha kawaida peke yake, kisha maziwa na uji. Nikamwambia kila ukilinganisha unaipa bahati mlango mmoja wa kukudanganya. Milango mitatu, na bahati haikosi kuingia kwa mmoja. F inauliza mara moja tu, kwa makundi yote pamoja.

Jumatatu ile alizungusha yeye, nikasoma mimi. Kilo za kila mtoto, tofauti yake na wastani wa kundi lake, tofauti hiyo mara tofauti hiyo, jumlisha. Krrr, krrr, ting. Alikuwa anapiga mluzi. Nilipofika kwenye mgawanyo wa mwisho niliweka kalamu chini, naye akaacha mluzi.

F ilikuwa mbili na kitu. Jedwali lilitaka tatu na zaidi.

Tulirudia. Tulirudia tena, yeye akisoma, mimi nikizungusha, ili kosa lisiwe la mkono mmoja. Namba haikusogea.

Tofauti ya ndani ilikuwa kubwa mno. Katika kila kundi kulikuwa na mtoto aliyenenepa kama ndama na mtoto aliyebaki vilevile. Na katika kundi la uji kulikuwa na Mugisho, ambaye alipungua.

Mugisho nampenda, nitamwandika hapa. Anatoka upande wa Walungu, mama yake anaitwa Nsimire. Ana macho makubwa na hasira kubwa kuliko macho. Siku alipoanza kupona alinyosha mkono akakamata shanga zangu na hakutaka kuziachia, na infirmier wa zamu akasema mtoto wa bwaki akianza kuiba, amepona.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli ikisukumwa katikati yetu. Hapo mbele ya kisima Deo akasema, bila kuniangalia:

"Nasta, toa ule mutoto. Moya tu."

Nikashika mpini wa baiskeli upande wangu.

"Mama yake alimupeleka ku kilio, siku zile. Hakukula uji yetu. Siyo mutoto ya uji."

Nilikuwa nimeshajaribu kichwani. Nitakiri hapa: nilijaribu hata kabla hajasema. Ukimtoa Mugisho, tofauti ya ndani inashuka, wastani wa uji unapanda, na F inapanda juu ya jedwali kama mbuzi juu ya ukuta. Mtoto mmoja mwembamba kama yule, na Léopoldville nzima iko nyuma ya mgongo wake.

Nikamwambia: "Na yule wa maziwa aliyekwenda kilio kilekile cha msiba? Naye tumtoe?"

Akaisukuma baiskeli kwa nguvu zaidi. Yule wa maziwa alinenepa.

"Deo, kama tungesema mapema kwamba mtoto akienda kilio anatoka, angetoka, na yule mwingine angetoka pamoja naye. Sasa tumeshaona jibu. Tukimtoa sasa, tunamtoa kwa sababu ametuudhi."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mume wangu kulala akinipa mgongo. Mgongo wake pia ni mzuri, lakini sikuolewa kwa ajili yake.

Siku ya tatu mama mkwe alishuka kutoka kwake Cimpunda, habari zimeshamfikia. Kibuyu alileta, ila alikiweka chini mlangoni kama anamwekea mbwa. Alikaa, akavuta pumzi, akaniangalia toka viatuni hadi kwenye nywele.

"Binti, mi sijasoma. Nielezee. Chungu ya bwana yako inachemuka, batu yote banasikia harufu muzuri. Weye unafunua, unaita bageni: kujeni muone, haina nyama. Njo masomo ile?"

"Mama, Daktari atakula kwenye chungu hicho. Akikuta hakina nyama, atasema nani alidanganya? Deo."

"Docteur ataona nini? Karatasi! Na karatasi iko mu mikono yako. Bibi ya mwezi moya! Mi nilikaaka kwa baba yake Deo miaka yote ile, sikumuhesabu hata kuku."

Nilikaribia kucheka, na nikicheka ningekwisha. Nikamwambia kwa heshima yote niliyonayo kwamba mtoto wake nampenda kuliko mashine, kuliko masomo, kuliko macho yangu, na kwamba namba sitaibadilisha.

"Basi kula namba," akasema. Akasimama, akaenda. Mashanza ya siku ile niliyanywa peke yangu na yalikuwa machungu kweli, au kinywa changu ndicho.

Nilikuwa na uhakika wa jibu, ila sikuielewa sababu yake, na hilo lilinisumbua zaidi ya mgongo wa Deo. Kwa nini tofauti ya ndani iwe kubwa vile? Watoto walipimiwa chakula kwa kikombe kimoja. Bakuli zilirudi tupu, kila siku, makundi yote. Deo mwenyewe alizikagua.

Siku ya nne nilikwenda wodini wakati wa chakula, sikubeba karatasi. Nilikaa uani, chini, na wamama. Kengele ililia, bakuli zikaletwa, za maziwa zenye alama nyeupe, za uji alama nyekundu, za kawaida bila alama. Infirmier wa zamu aligawa, akahakikisha kila mama amepata chake, akaingia ndani kwenye sindano zake.

Mlango ulipofungwa, wamama walisogea. Walisogea tu kama unavyosogea kwenye moto, bakuli zikawekwa katikati, watoto wote wakazunguka. Maziwa, uji, muhogo, kijiko hapa, kijiko pale, mkono hapa, mkono pale. Mtoto mwenye nguvu alikula kwa wote watatu. Mugisho alikaa pembeni akitafuna polepole kijiko chake cha kwanza, na alipotaka cha pili bakuli lilikuwa linalambwa.

Nilimuuliza Nsimire: "Siku zote mnakula hivi?"

"Na tungekula namna gani?"

"Uji huu ni wa Mugisho. Peke yake."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni.

"Ulitaka mi nimufiche mutoto mu kona akule yeye moya, kama mulozi? Batoto ba benzangu bananiangalia, na mi ninajaza wangu tu? Aa-ah, madame. Weye ulikomea wapi?"

Wamama wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mwingine akasema: "Mumuache, iko mugeni mu ndoa, bwana yake anamulishaka yeye moya mu kitanda!" Nikaona uso unawaka moto, na nikacheka nao, kwa sababu ni kweli.

Nilikomea wapi, nilikulia wapi? Hapahapa. Kwenye sahani moja na ndugu zangu, vidole vyote ndani, mwenye haraka anashiba na mwenye kusitasita anaramba. Deo naye hivyohivyo. Tuliona bakuli tupu tukaandika "amemaliza", sisi wawili, watoto wa Bushi, ambao hatujawahi maishani kumwona mtoto anamaliza bakuli peke yake. Daktari angejuaje? Sisi ndio tulipaswa kujua.

Basi F ilikuwa imesema kweli tupu. Sahani moja inafanya makundi yafanane, kwa sababu kila kundi limeonja chakula cha mwenzake. Na sahani hiyohiyo inafanya watoto wa kundi moja wasifanane, kwa sababu mmoja ana mkono wa haraka na mwingine hana. Kati inapungua, ndani inaongezeka. Mbili na kitu. Namba ilikuwa inatuambia kuhusu uani ule, nasi tulikuwa tunaigombeza.

Nilimweleza Deo jioni ile akiwa anakula. Alisimamisha tonge. Akaiangalia sahani yetu, ya sisi wawili, moja. Akaanza kucheka, kisha kucheka kukageuka kuwa kitu kingine, akaweka kichwa chake mapajani mwangu.

"Kwa hiyo hatujui," akasema.

"Hatujui. Uji wako haujashinda wala haujashindwa. Haujapimwa."

"Na Léopoldville?"

Nikamkausha uso kwa ncha ya kitenge.

Jana tulikwenda wote wawili kwa Daktari. Nilivaa viatu vya harusi. Yeye tangu nilipoolewa ananiita "Madame" kwa utani, zamani alikuwa akiniita "petite", yaani mtoto mdogo. Alisoma karatasi, akapandisha miwani, akashusha kidole hadi kwa Mugisho na kukigonga hapo.

"Huyu peke yake, Madame. Bila huyu tuna jambo la kusema."

"Bila huyu tuna uongo wa kusema, Docteur."

Sijui nililitoa wapi neno hilo. Lilitoka likiwa limevaa viatu.

Nikaeleza uani, bakuli, mikono. Uso wake ulianza kuwa mwekundu, na si kwa ajili yangu. Akasema hao wanawake wameharibu miezi ya kazi, kwamba kuanzia leo mama atakayekamatwa akigawa chakula atarudi kwake na mtoto wake.

Nilifungua mdomo, na kabla sauti haijatoka nikaisikia ya Deo. Deo wangu, ambaye kwa Daktari husema "ndiyo, Docteur" na "mara moja, Docteur", na ambaye alikuwa na kila kitu cha kupoteza.

"Docteur, bamama banabaki. Na mutoto anabaki mu hesabu. Kosa ni ya kwangu. Niliona bakuli, sikuona batu."

Akaendelea, taratibu, kwa ile sauti anayotumia kumpa mtoto sindano. Kwamba mama wa Bushi hutamfundisha kula peke yake kwa kumfukuza. Kwamba afadhali kila kundi lipewe ua wake na sufuria yake, wamama wagawane wanavyotaka, lakini wagawane uji na uji, maziwa na maziwa. Na mtoto mpole alishwe na mama yake kwanza kabla wengine hawajaitwa, maana hilo kila bibi wa kijijini anajua kulifanya kwa mgonjwa.

Daktari aliikunja karatasi. Kisha akasema kwamba huenda. Baada ya kiangazi. Kama maziwa yatakuja, kama wakubwa watampa majengo. Na akasema, bila ubaya, kwamba kwa mwaka huu hana cha kupeleka Léopoldville.

Deo akasema: "Ndiyo, Docteur."

Ndivyo ilivyokwisha. Mwaka mmoja umekwenda, labda zaidi. Hakuna aliyeniambia kwamba nimefanya vizuri, na sikuhitaji. Tukitoka, Deo alinipakia mbele kwenye baiskeli, si nyuma, mbele, mchana kweupe, bibi mupya na viatu vya harusi, na tukashuka Kadutu yote akipiga kengele ambako hakukuwa na mtu wa kupisha.

Na sasa wanasema. Wasiseme? Wanasema mimi ni mwanamke wa namba, kwamba nimemkata mume wangu mguu kwa kalamu, kwamba masista huharibu wasichana, kwamba nitazaa jedwali. Waseme. Nilimpenda mtu mwenye ndoto kubwa, na ndoto kubwa haistahili kujengwa juu ya mtoto mmoja aliyefutwa. Kama siku moja watamwita Docteur, wataliita jina hilo na hakuna mtoto atakayefichwa chini yake. Ninaweza kungoja. Mimi ni kijana, na mume wangu ni mzuri kumwangalia wakati wa kungoja.

Ninaacha kuandika kidogo. Kuna kelele njiani.

Nimerudi. Sina budi kuandika hili maneno yakiwa bado ya moto.

Tangu tulipotoka misa sikujua Deo amekwenda wapi. Alisema anakuja sasa hivi. Kumbe alipanda Cimpunda kwa mama yake, kwenye mvua. Nimechungulia, nimemwona anateremka njia yote ya katikati, shati limemgandia mwilini, na kifuani amekumbatia kibuyu cha mashanza. Mwanaume! Kibuyu cha bibi mupya! Vibaraza vyote vimejaa watu.

"Deo! Umekuwa mama mukwe sasa?" yule jirani ameita.

"Mama mukwe amechoka," Deo amejibu, bila kupunguza mwendo. "Mi sijachoka."

"Na ule bibi atakunenepea kweli, na zile hesabu yote?"

"Atanenepa! Na mukitaka kujua kilo ngapi, muje mumuulize yeye. Hadanganyake."

Amekiweka kibuyu mikononi mwangu mlangoni, mbele ya wote. Kilikuwa kizito, kimejaa hadi shingoni. Nimeuliza alivyokipata. Amesema mama yake alikaa akimwangalia anavyojimiminia mwenyewe kutoka chombo kikubwa, na alipofika nusu mama akamnyang'anya, akajaza yeye, akasema: "Usimwage. Na umwambie akunywe yote."

Nimekunywa nusu. Nusu nimempa yeye, katika kikombe kimoja, maana sisi hatukukomea pengine.

Sasa amekaa karibu nami, anakausha nywele, anauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ninamwandika yeye. Amesema niandike pia kwamba soja ikaangwe kidogo zaidi safari hii.

Nimeandika.

Kukicha tutapanda pamoja kilima cha hospitali kupima nyua tatu kwa kamba, kabla hajaombwa mtu ruhusa. Kisha mashine itafunuliwa, mimi nitasoma, yeye atazungusha. Kwenye karatasi ya zamani, katika kundi la uji, jina la Mugisho liko palepale nilipoliandika, kwa wino.

Atakayetaka kulifuta aje na mkono wake. Atatukuta wawili.